Bilqis Abdul-Qaadir: mtandio haukumzuia kucheza, kanuni ndiyo iliyomzuia



Kila ninapoandika habari za michezo ya wasichana hapa Pwani, swali linalonirudia ni moja tu. Wazazi huniuliza: binti yangu akishavunja ungo na kujisitiri, mchezo si ndio umekwisha? Wengine hawaulizi, wamekwisha kata shauri. Mtoto alikuwa akikimbia uwanjani katika shule ya msingi, akifika sekondari anakaa kando na daftari kuwahesabia wenzake mabao.

Leo sitajibu kwa hotuba. Nitaeleza habari za mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, Bilqis Abdul-Qaadir, namna alivyokua kimchezo na kazi aliyokuwa akiifanya katika timu zake. Katika habari zake mtu anaweza kuona waziwazi jambo gani humjenga msichana mwenye kipaji, na jambo gani humvunja.

Bilqis ni mzaliwa wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Wapenzi wa kikapu wanalijua jina la mji huo, kwa kuwa ndiko mchezo wenyewe ulikozaliwa. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili kwenye roshani ya ukumbi ili vijana wake wapate la kufanya wakati wa baridi.

Kuna habari nyingine ya huko ambayo haisimuliwi sana. Mwaka uliofuata, mwalimu Senda Berenson aliuchukua mchezo huo akawafundisha wasichana wa chuo cha Smith, katika mji wa Northampton ulio karibu na Springfield. Machi 1893 wasichana hao walicheza mechi yao ya kwanza. Walivaa nguo pana za kuwasitiri, na milango ilifungwa, wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Ukimsimulia mwanamke wa Mombasa mambo hayo atadhani unamweleza kupamba: ukumbi umejaa wanawake watupu, na mwanamume hata mlangoni hasogei. Basi anayesema kwamba kikapu cha wanawake na sitara ni vitu vilivyogombana tangu mwanzo, historia haimuungi mkono.

Turudi kwa Bilqis. Alilelewa katika familia ya Kiislamu yenye watoto wengi, yeye akiwa kitinda mimba. Alianza kucheza angali mdogo, na alipoingia utu uzima akaanza kuvaa hijabu, juu ya jezi ya mikono mirefu na suruali ndefu. Kufikia mwaka 2009, alipomaliza shule ya sekondari, alikuwa amefunga jumla ya alama 3,070. Rekodi ya wasichana ya jimbo lake aliyoivunja ilikuwa ya Rebecca Lobo, ambaye alikuja kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996. Ramadhani ya mwaka huohuo wa 2009 alialikwa futari katika Ikulu ya Marekani, na Rais Barack Obama akamtaja kwa jina mbele ya wageni.

Alama nyingi kati ya hizo alizifunga akiwa na mtandio kichwani, na hakuna aliyempunguzia hata moja kwa sababu ya kitambaa.

Chuo Kikuu cha Memphis kilimpa udhamini wa masomo kwa ajili ya kucheza. Hapa nieleze kidogo, maana mambo haya kwetu hayajazoeleka. Vyuo vikubwa vya Marekani huwatafuta wachezaji tangu sekondari. Anayechukuliwa kwa udhamini kamili hulipiwa karo, chakula na malazi, naye hukichezea chuo huku akisoma. Kwa wasichana mlango huo ulifunguka zaidi baada ya sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali. Kuna sharti pia: mwanafunzi akianguka masomoni, na uwanjani hakanyagi. Kipaji peke yake hakimuweki mtu chuoni.

Bilqis alipofika Memphis alipata mtihani mkubwa. Kano moja ya goti ilikatika hata kabla hajacheza mechi ya kwanza, na msimu mzima wa 2009/10 akaukosa. Kwetu habari ya mchezaji huishia hapo. Goti likienda, na mtu kaenda. Lakini vyuo vya kule vina utaratibu wake. Wakati ule mchezaji alikuwa na misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Mwaka anaoumia unaweza kuwekwa kando bila kuhesabiwa. Anatibiwa, anafanya mazoezi ya goti, anasoma, anahudhuria vikao vya timu na kujifunza mipango ya kocha akiwa amekaa benchi. Mwaka wa pili anarudi na misimu yake yote minne mkononi.

Hivyo ndivyo alivyofanya. Aliporudi msimu wa 2010/11, habari nyingi humtaja kuwa mchezaji wa kwanza kucheza na hijabu katika daraja la juu kabisa la vyuo vya Marekani. Ilibidi ruhusa iombwe kwa wasimamizi wa michezo ya vyuo, na ikatolewa. Mwaka 2011 chama cha waandishi wa kikapu wa Marekani kikamtunuku tuzo ya ujasiri.

Sasa tuje kwenye kazi yake uwanjani, kwani hapo ndipo wengi hawaelewi. Bilqis si mrefu, ni futi tano na inchi chache tu. Katika mchezo ambao wengine wana futi sita na zaidi, mtu wa kimo hicho ana nafasi moja ya kujipatia riziki, nayo ni ile ambayo wachezaji huiita pointi gadi. Huyu ndiye nahodha wa jahazi. Mpira huanzia kwake. Huupandisha kutoka upande wao akiudunda huku adui mmoja amemganda, na wakati huohuo awe anaangalia wenzake wanne wako wapi, saa imebaki sekunde ngapi, na kocha ameita mpango upi. Ndani ya sekunde mbili tatu lazima aamue: apenye mwenyewe, ampe mrefu aliye chini ya kikapu, au autupe pembeni kwa anayelenga kutoka mbali.

Shuleni, Bilqis alikuwa ndiye nahodha, ndiye baharia na ndiye mvuvi. Timu ilimtegemea afunge, naye alifunga. Chuoni mambo hubadilika. Kila mmoja pale alikuwa nyota wa kwao. Kocha hataki mtu wa kufunga alama arubaini, anataka mtu wa kuwafanya wengine wanne wafunge. Wengi wenye kipaji hupotea katika mpito huu. Wao hukasirika wakidhani wanabanwa, ilhali wanafundishwa kazi mpya. Kukua kwa mchezaji mara nyingi ni huku: idadi ya alama zake hushuka, na thamani yake kwa timu hupanda. Ukitazama takwimu peke yake utasema huyu amerudi nyuma, kumbe ndiyo kwanza ameanza kuujua mchezo.

Bilqis aliupita mpito huo. Alimaliza shahada yake Memphis akiwa bado na msimu mmoja wa kucheza. Kanuni za wakati ule zilimruhusu aliyehitimu kuhamia chuo kingine na kucheza moja kwa moja, naye akahamia Indiana State kwa msimu wa 2013/14. Mpangie mtu kazi ngumu kuliko hiyo: kuingia timu ngeni, kwa mwaka mmoja tu, katika nafasi ya kuwaongoza watu ambao jana hukuwajua. Indiana State ilimaliza msimu ule ikiwa bingwa wa ligi ya ukanda wake, Missouri Valley, na Bilqis akateuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi hiyo.

Kwa hiyo mwaka 2014 alikuwa na shahada, amepona goti, ana ubingwa na jina. Hatua iliyobaki ilikuwa kucheza kwa malipo Ulaya. Na hapo ndipo alipogonga ukuta.

Shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, lilikuwa na kanuni kwamba mchezaji asivae kitu chochote kichwani isipokuwa utepe usiozidi upana wa sentimita 5. Sababu iliyotolewa ni usalama. Ligi za Ulaya hufuata FIBA. Vyuo vya Marekani vina kanuni zao, ndiyo maana kule alicheza miaka yote ile bila kumuumiza mtu. Septemba mwaka huohuo, timu ya wanawake ya Qatar ilitakiwa kuvua hijabu kabla ya mechi na Mongolia katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini. Wasichana wale walikataa na mechi ikawapotea bila mpira kurushwa.

Bilqis aliambiwa maneno yaleyale: vua, ucheze. Hakuvua. Akaungana na wengine kukusanya saini na kupaza sauti. FIBA ikaanza na majaribio, kisha tarehe 4 Mei 2017 mkutano wake mkuu ukapitisha kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017. Hijabu ikaruhusiwa.

Hesabu miaka. Kuanzia 2014 hadi 2017 ni miaka mitatu. Kwa karani wa ofisi, miaka mitatu ni faili moja kuhama meza. Kwa mchezaji mwenye miaka ishirini na kitu, ndiyo miaka yenyewe ya kucheza, na ikipita hairudi. Kanuni ilipobadilika Bilqis alikuwa amekwisha shika njia nyingine. Aliolewa, akahamia Kanada, akawa akifundisha michezo na kuendesha mafunzo ya kikapu kwa wasichana wa Kiislamu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza, lakini tuzo ile kubwa waliipata waliomfuata.

Je, sisi wa Pwani linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu udhuru wa kanuni haupo tena. Shirikisho la kikapu la Kenya ni mwanachama wa FIBA, na mashindano huchezwa kwa kanuni hizohizo. Mzazi au mwalimu anayetaka kujua kinachoruhusiwa, ni hiki: kitambaa kiwe cha rangi moja tu. Wote wanaojifunika katika timu moja wavae rangi moja. Kisifunike sehemu yoyote ya uso, kisiwe na vifungo shingoni wala usoni, maana yake pini hazifai, na kisiwe na ncha zinazoning'inia. Fundi yeyote wa cherehani anaweza kukishona kwa kitambaa cha kunyumbuka.

Wala hatukosi mfano wa kutazama. Timu ya wanawake ya Mamlaka ya Bandari, KPA, yenye maskani yake Makande hapa Mombasa, imechukua ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja. Msichana wa Majengo au Kisauni hahitaji kupanda ndege kwenda kuona kikapu cha kiwango cha juu. Kinachomkosesha ni ile njia ya katikati, kati ya kipaji cha uwanja wa shule na timu kubwa: mwalimu wa kike wa kumfundisha, saa za uwanja zisizogongana na madrasa, na mtu wa kumshughulikia goti likiuma.

Mimi si shehe. Kama kuna masuala ya mavazi na mchanganyiko wa watazamaji, waulizwe wenye elimu, na majibu yao yaheshimiwe. Nyumba zinatofautiana, na mzazi anayependa binti yake acheze mbele ya wanawake peke yao ana haki hiyo. Mwaka 1893 walifanya hivyo na mchezo ukakua. Ninachokipinga ni kumkalisha mtoto kando na daftari kwa kanuni ambayo haipo tena, bila hata kumuuliza mtu.

Mwalimu mkuu, ukiagiza jezi za shule mwakani, agiza na mitandio ya michezo ya rangi ileile. Msimamizi wa ukumbi, tenga jioni mbili kwa wiki za wasichana watupu. Na wewe mzazi, binti yako akikuambia anataka kucheza, kwanza muulize masomo yanakwendaje, kisha muulize anacheza nafasi gani. Akikujibu kwamba yeye ndiye anayeupandisha mpira, jua kwamba wenzake wamekwisha muamini. Mpe na wewe nafasi.