Bob Marley: Saratani ilianzia kidoleni, tiba ikatafutwa hadi Bavaria

Novemba 1980, mwanamuziki Bob Marley aliwasili Rottach-Egern, mji mdogo kando ya ziwa Tegernsee, katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa na miaka 35, na saratani ilikuwa imeshafika kwenye ubongo, mapafu na ini. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa Uwanja wa Rufaro, jijini Harare kama linavyojulikana leo, akiimba usiku ambao Zimbabwe ilipata uhuru wake. Sasa alikuwa amekuja baridini kumtafuta Josef Issels, daktari aliyekuwa na sifa ya kupokea wagonjwa ambao hospitali nyingine zilishawakatia tamaa.

Vijiweni, habari hii husimuliwa kwa mkato: alikataa kukatwa kidole kwa sababu ya dini, akafa. Ukiifuatilia mwaka kwa mwaka, unakuta mgonjwa aliyefanya uamuzi zaidi ya mmoja, na uzito wa kila uamuzi ulikuwa tofauti.

Mwanzo wake ni 1977. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa na kidonda chini ya ukucha ambacho hakikupona. Marley alikuwa mpenzi mkubwa wa kandanda, hivyo ikaaminika kwamba aliumia uwanjani. Nyama ilipokatwa na kupimwa, ikaonekana ni melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Akashauriwa kidole kikatwe.

Hakukubali. Waandishi wa maisha yake hutaja imani yake ya Rastafari, inayotaka mwili ubaki mzima. Hutaja pia hofu ya mtu anayeishi kwa jukwaa na kupumzika kwa mpira. Lakini hospitali hakuikimbia. Alitafuta maoni mengine, na huko Miami akafanyiwa upasuaji mdogo: ukucha na nyama iliyo chini yake vikaondolewa, ngozi ikachukuliwa pajani na kupandikizwa kidoleni. Ziara yake ya Marekani ikafutwa. Alipopata nafuu akarudi kazini, na katika miaka mitatu iliyofuata akatoa albamu tatu za studio: Kaya, Survival na Uprising.

Septemba 21, 1980, siku moja baada ya onyesho la pili katika ukumbi wa Madison Square Garden, alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Siku mbili baadaye aliimba Pittsburgh. Hakupanda jukwaani tena. Alitibiwa kwa mionzi New York, kisha akapanda ndege kwenda Ujerumani.

Issels hakuwa mganga wa vichochoroni. Alikuwa daktari aliyesomea udaktari, mzaliwa wa 1907, na mahakama zilimfahamu: mwaka 1961 alitiwa hatiani kuhusiana na vifo vya wagonjwa wake, na mwaka 1964 akaachiwa huru. Aliamini kwamba uvimbe ni dalili tu ya mwili mzima uliodhoofika, kwa hiyo mwili ndio unaopaswa kutibiwa. Wagonjwa wake waling'olewa meno mabovu, wakaondolewa mafindofindo, wakapewa chanjo, wakapandishwa homa kwa makusudi, wakabadilishiwa chakula. Ni rahisi kuona kwa nini watu walimfuata. Mtu aliyeambiwa arudi nyumbani akasubiri alipata kwa Issels kazi ya kufanya kila asubuhi na daktari wa kumtazama usoni. Kilichokosekana ni ushahidi: hakuna utafiti uliolinganisha wagonjwa wake na wengine ukathibitisha kwamba tiba hiyo inaponya saratani.

Marley alitimiza miaka 36 hukohuko, mama yake, Cedella Booker, akiwa karibu naye. Mei 1981 tiba ikawa imefika mwisho, akaanza safari ya kurudi Jamaika. Hali ilimbadilikia, safari ikaishia Miami, na huko akafariki Mei 11.

Kumbebesha Issels lawama za kifo hicho si haki. Mwaka 1980 hakuna hospitali duniani iliyokuwa na dawa ya kutegemewa dhidi ya melanoma iliyoshafika kwenye ubongo. Dawa za kuamsha kinga ya mwili zilizobadilisha matibabu ya ugonjwa huu zilianza kuidhinishwa mwaka 2011. Nafasi kubwa ya Marley ilikuwa 1977, saratani ikiwa bado kidoleni.

Nafasi kama hiyo ndiyo wagonjwa wengi wa kwetu Tanzania wanayoipoteza. Mwaka 2011 magari yalijipanga kilomita kwa kilomita kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Wapo waliotolewa wodini, wapo waliofia njiani. Foleni ile ilikwisha, lakini mazoea ya kuzunguka kwa waganga kwanza, hospitali baadaye, hayajaisha. Wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Gharama ya kuzunguka huko imeshapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa 281 ambao saratani zao zilikuwa hazijasambaa mbali, lakini wakachagua tiba mbadala peke yake. Uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili na nusu ya wale waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti ulizidi mara tano.

Hii haimaanishi kwamba mimea haina nguvu. Lile ua dogo la waridi au jeupe linalopandwa kwenye nyua nyingi za Pwani, lenye petali tano na asili ya Madagaska, ndilo lililotupa vinkristini, dawa inayotumika kila siku kutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini dawa hiyo hutenganishwa maabarani, hupimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa. Majani yaleyale yakichemshwa jikoni ni sumu isiyo na kipimo.

Aina ya melanoma aliyougua Marley ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu weusi. Hukaa sehemu ambazo jua halizifikii sana: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Mstari mweusi kwenye ukucha unaweza kuwa wa kawaida kwa mtu mweusi. Wa kuupeleka hospitali ni mstari mpya unaopanuka, rangi inayovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi, doa la unyayoni linalobadilika umbo, au kidonda cha kidole kinachopita wiki kadhaa bila kupona, hata kama mgonjwa anakumbuka vizuri siku aliyojikwaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, na madaktari waliosomea huko wametawanyika nchi nyingi za Afrika.

Daktari naye ana wajibu. Mgonjwa akisema amekunywa mitishamba, asikemewe. Akikemewa leo, kesho ataificha, na baadhi ya mitishamba huingilia kazi ya dawa za saratani. Na anayeambiwa kiungo kikatwe ana haki ya kuuliza bila haraka: ugonjwa umefika hatua gani, tezi za kinenani zimepimwa, upasuaji mdogo unaongeza hatari kiasi gani, nani atamfuatilia. Akichagua upasuaji mdogo, kama alivyochagua Marley, tarehe ya kurudi kupimwa iandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka mlangoni, na namba ya simu ya ndugu wa kumkumbusha iandikwe chini yake.