Tairi la Trela Huuawa na Mzigo Kabla ya Barabara

Trela la kuishi safarini likipasukiwa tairi kwenye barabara kuu za Marekani, lawama huangukia kiwanda. Lakini tairi la ukubwa wa ST225/75R15 la daraja la mzigo D hubeba takriban kilo 1,150 pale tu linapojazwa upepo wa psi 65, likipimwa kabla ya safari likiwa baridi. Upepo ukipungua au mzigo ukizidi, kuta zake hujikunja kupita kiasi kila mzunguko, joto hupanda, na tabaka za mpira huachana.

Wapo wanaojitetea kwamba uzito wa jumla wa trela haukuzidi kikomo. Hoja hiyo haitoshi: mzigo hauenei sawasawa, na gurudumu moja laweza kuelemewa peke yake. Matairi mabovu yapo, kweli. Hata hivyo, hata lililo bora halihimili kuzidishiwa mzigo. Msafiri apime uzito ulio juu ya kila gurudumu, kisha achague tairi lenye akiba ya uwezo.