Sauti na Kuta: Fizikia ya Kurekodi katika Chumba Kidogo

Siku hizi mwalimu au mwanafunzi mwenye simu ya mkononi, au kompyuta na maikrofoni, aweza kurekodi kwaya ya shule, kipindi cha masomo au masimulizi ya mzee wa kijiji. Hata hivyo, mara nyingi kinachosikika baadaye ni sauti iliyo mbali, kana kwamba msemaji yumo ndani ya pipa. Chombo hulaumiwa, fedha hutumika kununua kingine cha ghali, na kasoro hubaki pale pale. Sababu ni kwamba kilichorekodiwa si sauti ya mtu peke yake, bali sauti ya mtu pamoja na ya chumba. Nazo zikishachanganyika ni vigumu mno kuzitenganisha. Kwa masimulizi ya mzee ambaye huenda asipatikane tena kuyarudia, hasara hiyo ni ya kudumu.

Mvumo wa chumba

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 345 hivi kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, yaweza kwenda kutoka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Saruji na lipu huakisi karibu sauti yote inayozigonga, kwa hiyo neno la kwanza huwa bado linavuma wakati la pili linapotamkwa.

Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kuchunguza ukumbi wa mihadhara ambamo wasikilizaji walishindwa kumfahamu msemaji. Sauti ilivuma humo kwa zaidi ya sekunde 5. Nyakati za usiku, kulipokuwa kimya, Sabine aliingiza mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, kidogo kidogo, akapima kwa saa muda ambao sauti ya bomba la kinanda ilichukua hadi kufifia. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni hii:

T = 0.16 V ÷ A

Hapa T ni muda, kwa sekunde, ambao nguvu ya sauti hupungua hadi sehemu moja ya milioni. V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo. Na A ni jumla ya ufyonzaji, yaani eneo la kila uso likizidishwa kwa sehemu ya sauti ambayo uso huo hufyonza.

Tuchukue chumba kitupu chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.8. Ujazo wake ni mita za ujazo 33.6, na nyuso zake zote zina mita za mraba 63.2. Ikiwa nyuso hizo hufyonza sehemu 3 tu katika 100, A ni 1.9, na T ni sekunde 2.8. Mita za mraba 15 zikifunikwa kwa magodoro na mablanketi mazito yanayofyonza sehemu 60 katika 100, T hushuka hadi sekunde 0.5. Maikrofoni ni ile ile. Kilichobadilika ni ukuta.

Unene una maana

Watu wengi hubandika trei za mayai ukutani. Trei hizo ni nyembamba. Hupunguza kiasi sauti nyembamba na kuziacha nzito zikivuma. Tena hazizuii kelele za nje, na hushika moto upesi. Wimbi lenye mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34 hivi, lakini la mitetemo 100 lina karibu mita 3.5. Kitambaa hufanya kazi vizuri zaidi pale hewa inapotembea kwa kasi, nayo hewa iliyogusana na ukuta haitembei. Kwa hiyo blanketi lililotundikwa sentimita 10 kutoka ukutani hufaa kuliko lililobandikwa.

Mahali pa kusimama

Umbali wa mdomo na maikrofoni ukipunguzwa kwa nusu, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja huongezeka mara nne, ilhali mvumo hubaki karibu vile vile. Sentimita 15 hadi 20 hutosha. Maikrofoni nyingi za waimbaji husikia zaidi upande wa mbele. Basi ukuta unaohitaji blanketi kwanza ni ule ulio nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa ndio unaotazamana na maikrofoni.

Pumzi nayo huharibu. Katika lafudhi za pwani, «paa» mnyama hutamkwa kwa pumzi nyingi kuliko «paa» la nyumba, na pumzi hiyo ikiigonga maikrofoni hutoa mshindo. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya, ikawekwa mbele ya maikrofoni, huivunja.

Jaribio

Wanafunzi wapige kofi moja katika darasa tupu, kisha katika chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, huku simu ikirekodi kwa umbali ule ule. Wasikilize mkia wa kila kofi, wapime vyumba, na kukadiria T kwa kanuni ya Sabine. Baada ya hapo ndipo wamwite mzee aje kusimulia.