Bonane: Neno na Sikukuu ya Familia Mjini Goma

Mzungumzaji wa Kiswahili cha pwani afikapo Goma mwishoni mwa Desemba hukutana na neno ambalo kwao halitumiki: Bonane. Asili yake ni salamu ya Kifaransa ya mwaka mpya, bonne année, lakini katika vinywa vya wakazi wa Kivu ya Kaskazini neno hili liliacha kuwa salamu tu. Bonane ni siku yenyewe ya tarehe 1 Januari; ni zawadi itolewayo siku hiyo; tena ni karamu yake. Mtoto humdai shangazi yake bonane, na watu wazima huulizana watakula bonane kwa nani.

Kitenzi kula hapa si kioja cha Kikongo. Pwani nako watu hula Idi, na watoto wa Unguja hupita kwa jamaa wakipewa mkono wa Idi. Neno, basi, ni la kigeni, bali mwenendo wa sikukuu unafahamika kote Uswahilini. Wanyarwanda nao walilipokea neno lilo hilo kwa njia nyingine: silabi yake ya kwanza waliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata ubunani. Kiswahili cha Goma hakikufanya hivyo. Kinasema bonane yangu, bonane ya mwaka huu, sawa na nomino nyingi za mkopo. Mtu avukaye mpaka kwa miguu kutoka Gisenyi hubadili ngeli bila kubadili sikukuu.

Noeli ni jirani wa Bonane, si pacha wake. Noeli ina kanisa lake na misa yake. Bonane ni ya ukoo zaidi. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, lakini Bonane ilibaki. Aidha, tarehe 4 Januari nchi huadhimisha mashahidi wa uhuru, kwa kumbukumbu ya machafuko ya Léopoldville ya mwaka 1959, hivyo aghalabu familia hupata siku kadhaa za kutembeleana.

Kutembeleana huko ndiko kiini cha desturi. Nguo mpya hushonwa, pengine kikwembe cha aina moja kwa nyumba nzima. Bugali na sombe, ambavyo ni chakula cha kila siku, hupisha wali na nyama. Wazee hupata kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na watoto soda. Lakini chakula peke yake hakifanyi Bonane. Mdogo humwendea mkubwa, humtakia mwaka mwema, naye mkubwa hutoa. Kwa kutembea hivyo mtoto hujifunza nani ni baba mkubwa wake, nani shangazi, na nyumba zao ziko wapi.

Desturi ya namna hii huhitaji njia iliyo salama, na njia ndiyo iliyoathirika zaidi. Nyumba nyingi za Goma zina asili Masisi na Rutshuru. Vita vilivyoanza katika miaka ya 1990 vilifanya safari za huko kuwa za hatari, na mara nyingine zisizowezekana kabisa. Tarehe 17 Januari 2002, majuma mawili tu baada ya Bonane, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na majirani wa miaka mingi wakatawanyika. Mwezi Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Kisha, Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Jamaa wa Kinshasa aliyetaka kufika hakuwa tena na ndege ya moja kwa moja.

Bonane ikahamia katika simu. Salamu huenda kwa WhatsApp, na zawadi hupitia M-Pesa au Airtel Money. Si haki kuubeza mtindo huu, kwani bila huo nyumba nyingi zisingepata kitu. Hata hivyo umebadili jambo zito: zamani zawadi ilitoka katika mkono wa mkubwa hadi mkono wa mtoto, ilhali sasa huingia katika simu ya mzazi. Ni juu ya mzazi kumwambia mtoto imetoka kwa nani, au kununua unga na kunyamaza.

Watoto hawajaacha kutembea. Milango wanayobisha ni ile iliyo karibu: ya majirani wapya, ya waliokimbia pamoja na wazazi wao, ya waliowapa hifadhi. Hao nao huitwa shangazi na baba mkubwa, nao hudaiwa bonane.