Baiskeli yako ina namba. Je, waijua?

Simama asubuhi karibu na kivuko cha Likoni utazame baiskeli zinavyolisha watu. Huyu amepakia mitungi ya maji, yule mikate, mwingine madafu. Kisauni na Changamwe ni vivyo hivyo. Kwa hivyo baiskeli ikiibwa, kilichoibwa ni chakula cha jioni na karo ya mtoto.

Mimi pia ni mtu wa baiskeli, na kila siku naona zimefungwa kwa njia inayomrahisishia mwizi kazi. Lile kufuli la nyuma linalopita kati ya spoki huzuia gurudumu kuzunguka tu. Mwizi hana haja ya kuiendesha. Ataibeba begani au aipakie kwenye mkokoteni, na watu watadhani anaipeleka kwa fundi.

Ifunge kwenye kitu kisichong'oka, kama nguzo ndefu au nondo za dirisha. Mnyororo upite ndani ya fremu, na ukifika, ushike gurudumu la nyuma pia. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi mwenye spana atalegeza nati mbili akuachie gurudumu, aondoke na baiskeli. Kufuli lisilale chini, kwa maana likiegemea sakafu ni rahisi kulivunja kwa nyundo. Na hapa kwetu pwani upepo wa chumvi hula chuma, basi litie oili mara kwa mara na ukague mnyororo kama umeanza kulika.

Nyumbani nako usilegeze. Nyumba nyingi za kupanga zina ukumbi mmoja na wapangaji wengi, na kila mpangaji ana wageni wake. Ifunge hata ikiwa ndani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalifanyi. Pindua baiskeli yako utazame chini ya fremu, pale pedeli zinapozungukia. Mara nyingi utakuta namba iliyogongwa kwenye chuma. Nyingine huwa karibu na kiti. Ikiwa imefunikwa na kutu, isugue kwa msasa. Iandike, ipige picha kwa simu, kisha upige picha nyingine ukiwa na baiskeli yenyewe, na risiti uiweke. Kama huoni namba, mwambie fundi akugongee alama yako mahali pa siri. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo uandikishe, upewe namba ya OB. Mjulishe mzee wa mtaa na mafundi wa karibu, maana ya wizi hupakwa rangi mpya au huuzwa vipande vipande. Black Mamba zafanana kama mapacha. Bila namba, utathibitisha vipi kuwa hii ni yako?

Namba hiyo yaweza hata kuokoa roho ya mtu. Sote twajua mtaani kelele za "mwizi!" huishia wapi. Kijana akikutwa na baiskeli inayofanana na yako, namba ndiyo itakayosema ukweli kabla mawe hayajaokotwa.

Mwisho, nawaambia wanunuzi. Mwizi huiba kwa sababu yuko anayenunua bila kuuliza. Chini ya Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 275, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini kifungu cha 322 kinasema anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, aweza kufungwa hadi miaka 14. Ukiletewa baiskeli kwa bei ya kutupa jioni kiza kikiingia, itisha risiti, linganisha namba, na muandikiane mbele ya shahidi mkiwa na vitambulisho. Muuzaji akianza kubabaika, muache aende na baiskeli yake.