Wimbo Uliopanda Mwimbaji Akiwa Kaburini

Wapenzi wa muziki wa Uingereza hawajaisahau Joy Division, bendi ya vijana wanne wa Manchester na miji ya jirani iliyovuma baada ya vishindo vya panki kupungua. Gitaa la besi lilitangulia mbele, ngoma zilikwenda kavukavu, na juu ya vyote ilitawala sauti nzito ya Ian Curtis.

Mwezi Juni 1980, kampuni ndogo ya Factory ya Manchester ilitoa santuri yao, "Love Will Tear Us Apart", yaani mapenzi yenyewe ndiyo yatakayotutenganisha. Wimbo huo ulipanda hadi nambari 13 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1981 ulishika nambari 1 huko New Zealand, na mwaka 1983 ulirudi tena kwenye orodha ya Uingereza, ukafika nambari 19.

Mwenye wimbo hakuyaona hayo. Curtis alijinyonga nyumbani kwake Macclesfield tarehe 18 Mei 1980, bendi ikiwa karibu kufunga safari yake ya kwanza kwenda Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 23, akaacha mke na binti mdogo. Kifafa kilikuwa kimemwandama, hata mara nyingine kikimshika jukwaani. Ndoa nayo ilikuwa ikiyumba.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Hapa fumbo lilikuwa jepesi: wimbo wasimulia watu wawili ambao mapenzi yao yamepoa. Bendi ilikuwa ikiupiga tangu mwaka 1979. Hata hivyo, wenzake walikiri baadaye kwamba hawakuyatilia maanani maneno aliyokuwa akiyaimba. Kila mmoja alishughulika na ala yake.

Wenzake hao watatu waliliacha jina la zamani wakaunda New Order, na mwaka 1983 wimbo wao "Blue Monday" ukaingia katika kumi bora za Uingereza. Jina la ule wimbo wa kwanza lilichongwa kwenye jiwe la kaburi la Curtis.

Orodha ya mauzo huhesabu santuri, haihesabu majonzi. Ndugu msomaji, mtu aimbaye huzuni yake kila siku asipigiwe makofi tu. Aulizwe hali, tena mapema.