Stadi za nyikani hujaribiwa uani kabla ya kiu kubisha hodi

MSAFIRI atokaye Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi huanza kuona mabadiliko ya mandhari mara apitapo Mariakani na Samburu. Minazi hutoweka, udongo huwa mwekundu, na vichaka vya miiba hutanda pande zote. Afikapo Mackinnon Road, upande wa Kinango katika Kaunti ya Kwale, huwa amekwisha kuzama katika nyika ya Taru.

Wengi husimama hapo kwa muda mfupi. Huomba dua au kutoa sadaka katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kisha wakaendelea na safari yao. Ni wachache wanaojiuliza mtu angeishi vipi siku mbili tu katika vichaka vile bila gari, bila simu na bila chupa ya maji.

Kwa wakazi wa eneo hilo, swali hilo si la kubuni. Mchungaji hufuata ng'ombe aliyepotea hadi jua likamtwea mbali na nyumbani. Akina mama hwenda mbali kutafuta kuni na maji. Upande wa kaskazini kuna mbuga ya Tsavo Mashariki, na ndovu hawatambui mpaka uliochorwa kwenye ramani.

Hata hivyo, maarifa yaliyowawezesha wazee kuishi katika ardhi hii yanapungua upesi. Mtoto wa leo anajua kutumia simu kabla hajajua kusokota kamba. Makala haya yanaeleza stadi hizo ni zipi, kwa nini zafaa kufanyiwa mazoezi nyuma ya nyumba, na zipi hazifai kuguswa bila mwalimu.

Ardhi iliyowashinda wengi

Zamani za misafara, Taru ilikuwa mojawapo ya vipande vilivyoogopwa zaidi katika njia ya kutoka pwani kwenda bara. Wapagazi walijaza vibuyu vyao kabla ya kuikabili, wakitegemea kupata maji katika ngurunga, yaani mashimo ya asili yaliyo katika miamba ya Taru ambayo huhifadhi maji ya mvua. Mvumbuzi Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883, aliyataja mashimo hayo katika maandishi yake. Ngurunga zikikauka, msafara ulikuwa hatarini.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kuingia katika nyika hiyo, maji ya wafanyakazi yalilazimika kuletwa kutoka mbali. Jina Mackinnon Road lenyewe latokana na Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala eneo hili kabla ya serikali ya kikoloni, ambaye barabara ya kwenda bara ilipewa jina lake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Uingereza ilianza kujenga hapo bohari kubwa ya kijeshi, mradi ambao baadaye uliachwa. Mnamo mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Nairobi, maelfu ya washukiwa wa Mau Mau walizuiliwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road.

Wageni hao wote, waliokuja kwa hiari na walioletwa kwa nguvu, waliishi kwa maji na chakula kilicholetwa. Lakini kando yao walikuwepo Waduruma na mifugo yao, na Waata, wawindaji waliosifika kwa pinde zao ndefu na kwa kuijua nyika kama mtu ajuavyo kiganja chake. Tofauti haikuwa nguvu za mwili. Ilikuwa ni kujua.

Kwa nini uani?

Katika nchi za Ulaya na Marekani, watu wengi hufanya mazoezi ya stadi za porini katika bustani zilizo nyuma ya nyumba zao, kwa burudani. Kwetu jambo hilo laweza kuonekana kichekesho: nani ajifunze kuwasha moto kwa vijiti ilhali kiberiti kiko dukani?

Jibu ni kwamba ujuzi wa mikono haupatikani kwa kusimuliwa. Mwandishi wa makala haya alidhani anajua kupekecha moto, kwa kuwa alimwona babu yake akifanya hivyo. Alipojaribu mwenyewe uani, alifanya kazi jioni tatu, akapata malengelenge viganjani na moshi kidogo tu. Moto ulipatikana jioni ya nne. Kama angalikuwa nyikani, usiku na baridi vingalimkuta gizani.

Hiyo ndiyo faida ya ua. Ni mahali ambapo mtu huruhusiwa kukosea, kwa maana jikoni kuna maji, jirani yupo, na kesho ni siku nyingine. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.

Chama cha Skauti kimejengwa juu ya fikra hiyo hiyo. Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, aliyechapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 1908 na kufariki Nyeri mwaka 1941, alikuwa mwanajeshi aliyejifunza mengi ya porini kusini mwa Afrika. Uskauti ulipoingia Kenya mwaka 1910, basi, baadhi ya maarifa ya Waafrika yalikuwa yakirudi Afrika yakiwa yamevaa sare na skafu.

Moto

Kupekecha moto kwahitaji vitu vitatu: kibao kikavu cha mti mwepesi, ulindi, yaani kijiti kikavu kilichonyooka chenye urefu wa mkono, na kiwashio laini. Nyuzi za makumbi ya nazi, nyasi zilizokauka na kufikichwa, au nyuzi za gome la mbuyu hufaa kwa kiwashio.

Tengeneza kishimo kidogo karibu na ukingo wa kibao, kisha ukate pengo kutoka ukingoni hadi kishimoni. Weka jani kavu chini ya pengo. Kanyaga kibao kwa mguu, simamisha ulindi kishimoni, uuzungushe baina ya viganja huku ukikandamiza. Mikono ifikapo chini, irudishe juu haraka bila kuuacha ulindi upoe.

Unga utakaomwagika penye pengo utageuka kutoka rangi ya kahawia hadi nyeusi. Unga ukiendelea kufuka moshi baada ya wewe kuacha kuzungusha, kaa limezaliwa. Lihamishie kwa upole katikati ya kiwashio, ulipulize polepole.

Wengi hushindwa kwa sababu mbili: mti una unyevu, au wamechoka dakika moja kabla ya kaa kuzaliwa. Fanya zoezi hili mbali na paa la makuti au nyasi, siku isiyo na upepo, na uwe na ndoo ya maji na mchanga karibu nawe.

Maji

Katika nyika ya Taru, moto waweza kusubiri lakini maji hayasubiri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa duni katika sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya, na mnamo Septemba 8, 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mifugo mingi ilikufa, na Kwale haikusalimika.

Zoezi la kwanza ni hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati lenye mita 40 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea lita 400. Hata baadhi yake ikipotea, familia isiyo na mfereji wa kukingia imeyaacha mapipa kadhaa yamwagike ardhini.

Zoezi la pili ni kuchuja. Kata kitako cha chupa kubwa ya plastiki, uipindue, uweke kitambaa mdomoni, kisha tabaka za makaa yaliyopondwa, mchanga safi na changarawe. Maji ya tope yatatoka yakiwa maangavu. Hapa ndipo wengi hukosea: maji maangavu si lazima yawe salama. Kichujio hicho huondoa taka, lakini hakiui viini vyote vya maradhi.

Maji hayo yachemshwe hadi yatokote. Pasipokuwa na kuni, yatiwe katika chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili na kulazwa kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Njia hiyo haifai kwa maji yenye tope wala yaliyochanganyika na kemikali.

Zoezi la tatu huvunja moyo, na ndiyo sababu lafaa. Funga mfuko angavu wa plastiki kwenye tawi lenye majani mabichi ya mti usio na sumu, uuache juani mchana kutwa. Jioni utakuta maji kidogo mno chini ya mfuko. Mtoto aliyeyapima kwa kijiko hatadanganyika kamwe kwamba ataishi nyikani kwa mfuko. Atajua kwamba akiba ya maji, kivuli na kutotembea jua la utosi ndivyo vimwokoavyo mtu.

Kamba na mwelekeo

Mkonge ulio kwenye ua wa nyumba nyingi ni shule nzima. Jani lake hupondwa na kukwaruzwa hadi nyuzi nyeupe zibaki, zikaanikwa. Vishikizo viwili vya nyuzi husokotwa kila kimoja upande mmoja, kisha vyote viwili huzungushwa pamoja kuelekea upande wa pili. Mivuto hiyo miwili ikipingana, kamba hujikaza yenyewe. Utomvu wa mkonge mbichi huwasha ngozi, kwa hiyo mikono ilindwe.

Kwa mwelekeo, simamisha kijiti penye jua na uweke jiwe penye ncha ya kivuli chake. Subiri dakika 20, uweke jiwe la pili penye ncha mpya. Mstari uunganishao mawe hayo huelekea takriban magharibi hadi mashariki, na jiwe la kwanza ndilo la magharibi. Mackinnon Road iko karibu na Ikweta, hivyo njia hii hufanya kazi vizuri mwaka mzima.

Yasiyofaa kujaribiwa

Mimea ndiyo stadi hatari kuliko zote kwa mtu anayejifunza peke yake. Ukwaju, ubuyu, kunazi, mchunga na mnavu vyajulikana na wengi, lakini nyika pia ina mimea ya kuua. Sumu ya mishale ya wawindaji wa eneo hili ilitokana na mti wa jamii ya Acokanthera, na wageni waweza kuudhania mti wa kawaida. Ndiga, kiazi cha mwitu kilicholiwa pwani wakati wa njaa, kina sumu kisipolowekwa na kupikwa kwa utaratibu ambao wazee huujua. Kanuni ni moja: usiweke mdomoni kitu ambacho hujaonyeshwa na mtu anayekijua, kwa jina na kwa macho.

Mitego nayo haina nafasi uani. Uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa adhabu kali kwa anayepatikana na nyama ya porini.

Kuhusu nyoka, mazoezi yaliyo bora ni ya huduma ya kwanza. Aliyeumwa na bafe au swila asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukata damu. Avuliwe pete na bangili, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe hospitalini bila kukawia. Familia yaweza kufanya mazoezi ya kumbeba mgonjwa kwa leso na fito mbili, na kukubaliana mapema gari la nani litaitwa usiku.

Mwalimu yuko karibu

Hakuna linalosemwa hapa linalopinga simu, mabomba au zahanati. Wakazi wa Mackinnon Road wana haki ya maji ya bomba kama wakazi wa Nairobi, na ujuzi wa kuchuja tope usiwe kisingizio cha kuwanyima. Lakini betri huisha chaji, bomba hukauka, na gari huharibika. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo la haraka zaidi si kununua vifaa. Ni kumwalika mzee mmoja uani Jumamosi alasiri, kumpa kiti kivulini, na kumwomba awaonyeshe wajukuu jinsi alivyopekecha moto, alivyochimba maji katika mchanga wa mto mkavu, na mti upi alioambiwa asiuguse. Watoto washike vijiti wenyewe, wakosee na warudie.

Ngurunga za Taru bado zipo, na mvua ikinyesha hujaa. Atakayejua zilipo na jinsi ya kuyanywa maji yake bila kuugua ni yule aliyeonyeshwa mapema.